Bwawa la Pili

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 21 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza niambie, goti linaendeleaje? Mwanao alinieleza kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi bila fimbo. Nikamwomba asikusifie mbele yako, maana nakujua, kesho utataka kupanda paa. Sisi huku tu wazima. Watoto wanarefuka mpaka suruali zinawakimbia. Baba yao anakohoa kidogo, lakini ukimtajia hospitali anapona papo hapo.

Najua mdogo wangu ameshakupigia. Yule mdomo wake hauna breki, na habari akizibeba hufika nusu. Afadhali uisikie kwangu yote: kuanzia mwisho wa mwezi huu sina kazi. Kaa chini kwanza, usianze kumtafuta mtu wa kumlaani, nitakueleza.

Wewe huwaambia majirani zako mimi ni mkubwa wa maji machafu, na kweli hujakosea sana. Maji ya kiwanda chetu cha ngozi hupita kwenye mabwawa mawili ya kusafishia kabla ya kuingia kijitoni. Kila Alhamisi navaa mabuti, nachota sampuli, napima, nalinganisha na viwango vya serikali ya jimbo, naandika ripoti. Yakiwa mabaya, mimi ndiye wa kumpelekea meneja habari. Ndiyo maana sikuwahi kualikwa kwenye meza yake ya chai.

Kwa miaka tisa mkaguzi wa jimbo alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Darubini, kwa miwani yake. Tulikuwa tunajaza chupa mbili kutoka ndoo moja, yake na yangu, kila mmoja anapima kwake, kisha tunalinganisha. Weee! Aliwahi kunigombeza mbele ya mafundi kwa sababu ya kifuniko kilicholegea. Nilimwogopa kuliko mama mkwe, Mungu anisamehe. Lakini namba zetu zikitofautiana alikuwa anarudi tuchote upya, na hakuwahi kuniita mwongo.

Kisha uchaguzi ukaja na serikali ya jimbo ikabadilika. Wapya waliahidi kuviondolea viwanda usumbufu, na watu wana shida ya ajira, siwalaumu waliowapa kura. Ofisi ya mazingira ikavunjwa, ikawa meza mbili ndani ya ofisi ya biashara. Wakaguzi kumi na wanne wakabaki wawili, na Mzee Darubini hakuwemo. Viwango navyo vikalegezwa kwa tangazo la ukurasa mmoja.

Hapo nikafanya kituko. Ripoti ya Juni niliijaza kwa viwango vya zamani, maana nimevikariri mpaka navisema usingizini. Nikaandika kwamba tumevuka mpaka mara tatu, nikaomba radhi kwa niaba ya kiwanda, nikaeleza na jinsi tutakavyojirekebisha. Kumbe kwa viwango vipya tulikuwa safi kama pamba! Karani wa meza mpya, maskini, hajui hiki wala kile, akaona mtu ameungama mwenyewe, akatuandikia barua ya onyo. Meneja alinijia mbio mpaka tai imegeukia mgongoni. "Mama, umetushtaki kwa sheria iliyokwisha kuzikwa!" Tulihangaika wiki tatu kuifuta ile barua, na toka siku hiyo nikawa nimekalia kuti kavu.

Agosti akaniwekea fomu mezani. Sheria mpya inaruhusu kiwanda kufunga bwawa la pili, ila mtaalamu mwenye leseni athibitishe kwa saini kwamba hakuna madhara. Bwawa hilo linakula umeme na dawa, na oda zimepungua, wenzetu arobaini wamesharudishwa nyumbani. Meneja si mtu mbaya, Shangazi. Nilipojifungua kitinda mimba ni yeye aliyenilindia nafasi yangu. Ila maji nimeyapima mwenyewe kabla hayajaingia bwawa la pili na baada ya kutoka, na yale ya kabla ni sumu. Chini ya kiwanda kuna familia zinamwagilia mboga kwa kijito kile, na watoto wanaogelea humo.

Nikaenda kumwona Mzee Darubini. Nilimkuta uani anaanika shuka. Mkewe figo zimegoma, anatakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kazi ya mzee ilipokwisha kadi ya bima ikafa nayo. Sasa anasafishwa mara moja, wiki nyingine hata hiyo hakuna. Amevimba uso, lakini bado alinitania kwamba nimenenepa. Mzee aliisoma fomu yangu akasema, "Binti, fomu haikuulizi sheria imeruhusu nini. Inakuuliza wewe unajua nini."

Basi nikarudi nikaandika ninachojua. Niliweka namba zangu zote, nikaandika kwamba bwawa lisifungwe, nikatia saini chini ya maneno hayo. Meneja alisoma mara mbili. Hakufoka, na bora angefoka. Alisema mkataba wangu ukiisha hataweza kuuongeza, kwani anahitaji mtu atakayesaini. Nikajiambia hampati, maana wenye leseni hiyo huku kwetu hawafiki watano.

Jumatatu iliyopita nikaitwa kukabidhi ofisi. Nafungua mlango, nani kakaa kwenye kiti changu? Mzee Darubini, kavaa koti lake la ukaguzi. Shangazi, nilishika kabati. Fomu mpya ilikuwa mbele yake, na pembeni kadi mpya ya bima yenye jina la mkewe. Niliiona, naye akaona kwamba nimeiona. Akachukua kalamu, akasaini.

Unanijua, matusi sikosi. Hata "kikulacho ki nguoni mwako" ilishafika ulimini. Nikaimeza. Ningekuwa na mtu wangu kitandani anavimba vile, sijui ningeandika nini, na nisingependa kujua. Nikamkabidhi funguo za maabara, nikamwonyesha droo ya friji inayokwama. Sanduku langu alilibeba mwenyewe hadi getini. Pale akasema, bila kuniangalia, "Namba zako zilikuwa sahihi." Nikamjibu, "Mama apone." Nilipofika nyumbani nililia mpaka watoto wakazima redio.

Bwawa lilifungwa Jumatano. Alhamisi nilivaa mabuti yangu mwenyewe nikapita nyumba kwa nyumba kule chini, nikawaambia wasimwagilie kwa kijito na watoto wasiingie. Wengine walinisikiliza. Mmoja aliniuliza nimetumwa na ofisi gani. Kesho nitarudi tena.

Leseni yangu bado ninayo, na nimeshaomba kazi sehemu mbili. Usitume chochote, nasema mapema. Baba watoto hajanilaumu hata kwa jicho, ila siku hizi chai yangu anaipika yeye, na sukari anaizidisha kwa huruma.

Nisalimie mwanao na mke mwenzako wa jikoni, yaani mkwe wako, msigombane juu ya chumvi. Mjukuu mwambie barua yake ya michoro imebandikwa ukutani.

Mungu akuzidishie siku na hilo goti alitie nguvu. Najua usiku wa leo utapiga magoti, hata ukikatazwa, na utaanza na jina langu. Nakuomba kitu kimoja, Shangazi: ukinitaja mimi, mtaje na Mzee Darubini na mkewe kwa pumzi hiyo hiyo. Mimi nimejaribu siku sita sasa. Jina la mke natamka, la mzee bado halijatoka.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kidomodomo