Nilisema Pikipiki Iko Sawa

Lodwar, Jumapili, 2013

Baba yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si padre, si Akiru ninayekaa naye dawati moja. Siku ile uliponiuliza kama pikipiki ina shida nyuma, nilikujibu iko sawa. Haikuwa sawa, na nilijua.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, na swali la springi nilipata alama zote. Lakini kwa Kiingereza najua tu kujibu maswali ya mwalimu. Hili halina alama.

Unakumbuka ulivyoanza kunibeba? Mama alikuwa hataki. Alisema msichana hakai juu ya pikipiki kama kuku wa kupelekwa sokoni. Ukamwambia, "Mwache aje, huyu hanisumbui na maneno." Tukatoka Eliye, kule ziwani, na samaki wakavu wamefungwa nyuma, mimi nimebanwa kati ya mzigo na mgongo wako, nikanuka samaki hadi Jumatatu. Nyumbani siongei, shuleni siongei. Lakini pale nyuma yako, ambapo hukuweza kuniona uso, niliongea. Ulipaza sauti juu ya upepo: "Bubu wangu, uko?" "Niko!" "Nyuma inasemaje?" Nami nikakwambia inagonga, inayumba, mnyororo unalia. Ulisema dereva hajui habari za nyuma ya pikipiki yake. Anayezijua ni abiria.

Halafu yule fundi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yule mrefu wa Sudan Kusini aliyekuita ustaz ingawa hukuwahi kufundisha mtu. Alikushika mikono akaiweka juu ya kiti, kwa nyuma. "Ustaz, kandamiza. Sasa wacha." Pikipiki yetu ikapanda, ikashuka kidogo, ikatulia. "Hii mzima." Akakupeleka kwa nyingine iliyokuwa inangoja hapo. Hiyo ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mwana-mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. "Hii kwisha. Shoki zake kwisha. Spring nabeba mzigo, lakini oili ndani ya shoki ndiyo naambia spring: kalas, tosha, tulia." Akanionyesha na mimi kile chuma chembamba kinachong'aa, kinachoingia kwenye bomba la shoki. Pitisha kidole. Kikitoka na vumbi kavu, sawa. Kikitoka na tope jeusi, oili inavuja.

Ulicheka njia nzima hadi Lodwar. Tangu hapo hukuondoka nyumbani kabla hujakandamiza kiti na kuniuliza, "Kalas?" Nikikujibu "Kalas," unawasha.

Watu wengine hapa hawapimi. Pikipiki ikirukaruka wanasema ni barabara. Na barabara ya Kakuma ni mbaya kweli, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Shoki inaweza kufa mwaka mzima na mwenyewe anailaani serikali.

Jumatano ile tulikuwa tunatoka Lorugum. Tulipopita lile tuta la mawe nilisikia nyuma inaendelea kupanda na kushuka wakati wewe umeshasahau tuta. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ikishuka inaegemea mkono wa kuume. Hukuniuliza, nami sikusema. Tulipofika ulienda kunawa uso. Nikachuchumaa, nikapitisha kidole kwenye shoki ya kuume. Kikatoka cheusi, kimelowa. Nikakipangusa ndani ya sketi, mahali ambapo hapaonekani.

Ukatoka na taulo shingoni. Mzigo wa kesho wa Kakuma ulikuwa umeshafungwa. Uliniona nimechuchumaa pale pale, ukadhani nimeshapima, kwa hiyo hukukandamiza.

"Nyuma inasemaje?"

"Iko sawa, Baba."

"Hairuki? Mimi kama niliisikia inaruka."

"Ni barabara tu."

Neno hilo tulilokuwa tunawacheka wengine kwalo, nilikwambia wewe. Ukaniamini, kwa sababu kule nyuma sikuwahi kukudanganya.

Sababu ni hii. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mwalimu wa darasa alitaka kukuona. Muhula mzima nilikuwa nakataa kusimama kusoma mbele ya darasa. Nikisimama mdomo unafunguka na hakuna kinachotoka, na wavulana wa nyuma wanasema, "Redio imeisha betri." Wewe ulidhani naongea shuleni vile ninavyoongea na wewe. Ulimwambia hata yule fundi kwamba binti yako atakuwa wakili. Kama ningesema shoki imekwisha, ungengoja nyingine itoke Kitale, na Ijumaa ungekuwa nyumbani. Ungekaa kwenye kile kiti kidogo usikie. Nilitaka uende Kakuma, Ijumaa ikukute huko. Ni hilo tu, Baba. Nilitaka usiwepo siku moja.

Ukaenda Alhamisi. Wenye pikapu waliokuokota walisema hapakuwa na gari wala mnyama. Ulivuka laga salama, mchanga wote wa ule mto mkavu, halafu kwenye mawe ya upande wa pili nyuma ikarushwa ikakutupa. Polisi wakaandika mchanga. Mama akasema ni Mungu. Kule nyumbani Bungoma tulikokupeleka kukuzika, siku zote za matanga, kila aliyeshika mkono wangu alisema ile barabara, ile barabara. Niliitikia.

Sijalia. Wanasema nina moyo mgumu, wengine wanasema nina nguvu. Nachota maji, naosha sahani, naenda shule. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaufinya, unajua ni wako, haukujibu.

Sasa Baba Mdogo amekuja kuendeleza biashara ya samaki. Fundi wa hapa mjini amenyoosha mbele, ameweka taa na usukani mpya. Nyuma hakufungua kitu. Alizungusha tu springi zote mbili mpaka mwisho, zikakaza. Jana Baba Mdogo aliikalia, akajirusha mara mbili. "Ngumu kama jiwe! Shemeji, kesho kutwa nakupeleka Kakuma, utasinzia njiani."

Mama akamwambia, "Nisinzie na samaki mgongoni? Wewe endesha tu." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Kesho kutwa hiyo ndiyo kesho.

Leo tulipotoka kanisani nilikwenda kuikandamiza. Springi zimekazwa mno, mikono haikutosha, nikalalia kiti kwa tumbo, halafu nikaachia ghafla. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Ikashuka. Nikapitisha kidole. Labda kuanguka kuliizidishia ubovu, sijui, na sitajua ni kiasi gani kilikuwa cha shoki na kiasi gani cha mawe. Lakini kidole hiki kilishalowa kabla hujaanguka.

Nikamwendea Baba Mdogo. Alikuwa anakunywa chai.

"Baba Mdogo, nyuma bado inaruka."

"Nyuma ya nini?"

"Ya pikipiki."

"Aa, leo umeongea! Hiyo ni barabara yenu ya huku, msichana. Fundi mwenyewe amekaza."

Nilikuwa na jibu. Springi hubeba, haitulizi. Ukiikaza unaificha shida, na mzigo ukikaa itarusha vibaya zaidi. Lakini angeniuliza nimejuaje, na tangu lini. Nikasema, "Sawa," nikaingia ndani.

Nimeanza barua hii mara tatu. Kila mtu akipita mlangoni nimeifunika kwa kitabu cha Fizikia. Sasa nasikia malapa ya Mama, yanatoka jikoni. Ananiita nikamsaidie kufunga mzigo. "We! Kamba iko wapi?" Nikifunika tena nitatoka, nitashika kamba upande wangu, tutavuta pamoja, na asubuhi atapanda akae pale nilipokuwa nakaa mimi.

Anaweza kunichukia. Anaweza asiseme nami kwa muda ambao siwezi kuupima. Lakini atasoma akiwa amesimama chini, kwa miguu yake.

Karatasi nimeigeuzia upande wa mlango. Kitabu nimekiweka chini, mbali. Kwaheri, Baba. Amefika.

Binti yako