Namba ya Kuwasha Mtambo

Kasulu, 9 Agosti 1976

Mpenzi Nestori,

Natumaini u mzima huko Tabora. Hapa maharage yamekauka vizuri, na mama yako anakusalimu.

Umeniandikia nichague: ndoa au kazi ya simu. Kwanza sikia habari ya Jumanne. Mtambo wa simu wa Kibondo ulizimika tena. Ulipozimika mwezi wa Mei, fundi alisafiri siku nzima kwenda kuuwasha, na siku hiyo ndiyo dada yako Esteri alitokwa na damu nyingi akijifungua kule, wasiweze kumpigia daktari wa huku. Tulimzika. Baada ya matanga nilikwenda nikafunga kisanduku kwenye mtambo ule, nikakiunganisha na waya wa zamani wa telegrafu, ili nikipiga namba hapa Kasulu, ujiwashe kule.

Jumanne nilipomweleza, mkuu wangu wa kazi alicheka. "Binti, mtambo huwashwa kwa mkono."

Nikapiga namba mbele yake. Dakika mbili hazikupita, Rosa, mpokea simu wa Kibondo, akaita: "Kasulu, nawasikia!" Mkuu hakucheka tena.

Siachi kazi, Nestori. Ukimtaka mke wa namna hii, njoo uzungumze na baba. Usipomtaka, pete yako iko kwa mama yako.

Ni mimi,
Kezia, fundi wa simu