Msitu wa Mama Zetu Nimeuona kwa Juu

Dar es Salaam

Mdogo wangu Pius,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa: marahaba. Goti lako je? Na wifi yangu, mgongo umepoa? Mimi mzima, ila joto la huku linanichemsha kama kande. Mkono unaoandika ni wa mjukuu wetu Konsolata. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapaka asali.

Mwezi mzima nilikukasirikia. Mama Roza, jirani yetu wa huko kijijini anayeleta karoti sokoni huku, aliniambia, "Dada, mbao zinashuka vichwani mwa watu, zinatoka kwa Pius." Nikajua umeingiza msumeno kwenye msitu wa ukoo, pale juu ya chemchemi, walipolala mama zetu. Nikaapa: ukitangulia kufa, siji kukuzika. Mvua za siku hizi hazina adabu, zinakuja zikipenda. Msitu ule ukienda, chemchemi nayo inaenda, na wajukuu wetu watakunywa nini?

Kazi ya Konsolata unaijua. Kuna chombo kinazunguka huko angani kinapiga picha milima, nao ofisini wanatazama wapi msitu umeliwa, wapi mito inakauka, ili wapeleke miche. Nikamwambia, "Niletee mlima wetu." Alicheka, lakini akaleta karatasi kubwa, picha ya kiangazi hikihiki.

Nikatia kidole. "Mwizi huyo! Tazama palivyokuwa peupe!"

"Bibi, hapo Kingolwira, shamba la gereza. Umeigeuza juu chini."

Akaiweka sawa, akanipandisha na mto mpaka kwetu. Pius, msitu upo! Doa la kijani kizito, halijamegwa hata pembeni. Nililia, nikajifuta kwa nepi ya kitukuu, na sijui hata kama ilikuwa safi.

Ndipo nikaona pengo chini ya chemchemi, nyuma ya nyumba yako. Mikangazi yako! Ile uliyoipanda ukiwa kijana, ukajitapa kwamba ndiyo itakayokuezekea nyumba uzeeni. Najua ni mgongo wa wifi, maana hospitali siku hizi bila kulipa hawakugusi. Umekata yako, ya mama zetu umeiacha. Na hukusema neno! Mjinga we, mdomo huo Mungu alikupa wa kulia ugali tu?

Konsolata atapanda huko na miche ya mikangazi kabla ya vuli. Mashimo chimba sasa, goti au si goti, waite vijana. Usinidanganye kwamba umechimba, maana siku hizi nina macho juu.

Nisalimie wifi, mwambie asibebe ndoo. Salamu kwa katekista wetu, na kwa Mama Roza: macho anayo mazuri, ulimi aupunguze.

Kile kiapo nimekifuta. Nitakuja kukuzika, lakini usiwe na haraka. Mikangazi ikirefuka, nataka picha yake tuitazame wote wawili.

Dada yako, hasira zimekwisha,
Bibi yake Konsolata