Kendi, Mvuke Nilifungua Mimi

Mwanangu Kendi,

Nakala moja ya barua hii nakutumia huko Embu. Nyingine naibandika kwenye ubao wa geti la kiwanda, pale tunapojazana kila asubuhi kusoma zamu. Ulifukuzwa mbele ya watu, kwa hivyo sitakuja kukunong'oneza pembeni. Na unanijua, kunong'ona sijawahi kuweza.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipofika hapa Ruiri na cheti chako cha chuo cha ufundi ndani ya bahasha ya kaki? Nilikukuta umesimama chini ya lile pipa refu la mvuke, shingo umeikunja, unaliangalia. Nikakuambia, "Hili ndilo jiko. Presi, ile mashine ya kukamua tembe huko chini, ni meno tu. Chakula cha ng'ombe kikipita hapa kibichi, huko chini kinatoka vumbi. Kikiiva kupita kiasi kinakwama." Nikakuonyesha makafi yanavyovuruga pumba na mahindi na mashudu humo ndani, mvuke wa boila unavyoingia kupitia valvu, na kile kimlango cha ubavuni ambapo fundi huchota konzi moja akaifinya. Donge likisimama kiganjani, halafu ukaligusa kwa kidole gumba likakatika vipande viwili, basi limeiva.

Halafu nikakupigia ile stori ya injinia wa Nairobi. Alikuja na kipimajoto cha taa nyekundu, mimi nikaingiza mkono, nikamwambia kitu chako kinadanganya nyuzi mbili. Akakifungua, kumbe betri imekufa.

"Baba mdogo," ukasema, "juzi kwa mama ilikuwa nyuzi moja."

"Imekua. Hata ndama hukua."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kazi, wewe na geji yako ya joto, mimi na mkono wangu. Uliandika kwenye daftari: mkono wa baba, sabini na tisa, geji, themanini. Mara nyingi tulilingana. Nilikutangaza mpaka Meru mjini kwa kinyozi. Nilisema mimi wa darasa la saba nafundisha mhandisi, na mhandisi anaandika. Hilo halikuwa la uongo.

Jambo ambalo sikukuambia ni kwamba mkono ulikuwa unakufa. Ulianza kwenye ncha za vidole, ukaingia kiganjani. Nilishika kikombe cha bati chenye chai ya kuchemka, wenzangu wakashangaa, nami nikasema ngozi ya fundi ni kama soli ya gambuti. Wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba sikuwa nasikia joto. Nilikuwa nachota konzi, nafinya, natazama midomo yako ukijisomea geji, na nasema namba iliyo karibu na hiyo. Miezi mingi uliandika daftarini namba zako mwenyewe, ukifikiri ni zangu.

Sasa ile asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, pumba imelowa stoo. Lori la wafugaji wa Mitunguu liko uwanjani, dereva anapiga honi. Ukasema, "Baba mdogo, punguza mvuke. Geji imepita, na pumba yenyewe ina maji."

Nikaingiza mkono. Sikusikia kitu. Nikasema kwa sauti ili dereva anisikie, "Geji ni ya duka, mkono ni wa Mungu. Ni baridi. Naongeza."

"Baba mdogo, tafadhali."

Nikaongeza.

Haikuchukua muda. Mkanda ulipiga mayowe, moshi ukatoka, presi ikanyamaza. Chakula kilikuwa kimegeuka uji, ukarudi juu ukajaza pipa. Ulizima mota, mimi nikafunga valvu nikachomoa hendeli yake. Wewe na mimi tunajua sheria ya kiwanda, na aliyekufundisha ni mimi: hendeli ya mvuke hukaa mfukoni mwa yule anayeingiza mkono kwenye kimlango, hakai nayo mtu mwingine hata awe nani. Ukanyoosha mkono.

"Nipe hendeli."

"Mimi ndiye hendeli yako. Ingia, mama, lori linangoja."

Ulinitazama. Ungebishana vipi? Ningekuwa fundi mwingine ungekataa. Lakini unaniita baba. Ukafungua kimlango ukaanza kukwangua kwa ule ubao mrefu.

Dereva akacheka kule nje, "Mzee, leo umeshindwa na uji!" Hilo tu, Kendi. Maneno hayo tu. Nikafikiri, nikipitisha mvuke kidogo uji utalainika, utatoka wenyewe, na mimi nitakuwa nimeshinda. Nikashika bomba ili nijue kama boila bado ina nguvu. Nikaliona baridi. Nikajiambia itatoka pumzi tu ya uvuguvugu. Nikarudisha hendeli, nikazungusha.

Ulipiga ukelele mmoja. Wa pili haukutoka, na huo ambao haukutoka ndio niliouogopa zaidi. Mkono wako ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Tulikumwagia maji mpaka pipa la mvua likaisha.

Madamu, mwenye kiwanda, akashuka kutoka ofisini. "Nani amefungua mvuke mtu akiwa mlangoni?"

Ulinitazama. Nikatazama sakafu. Ulinipa nafasi, Kendi, ulinipa nafasi ndefu, watu wote wakingoja. Ndipo niliposema, "Alifungua kimlango kabla sijafunga mvuke."

Hukusema kitu. Kwetu binti hasimami katikati ya watu akamwambia baba yake ni mwongo, na mimi wakati nasema nilijua kwamba hutasema. Niliitegemea adabu yako inifiche. Hiyo ndiyo dhambi yangu yenyewe. Kuteleza kwa mkono ni jambo jingine.

Ukapewa barua ya kufukuzwa, iliyoandikwa uzembe kwenye mashine. Mama yako aliniambia, bila kunisalimia kwanza, kwamba viwanda viwili huko Embu viliisoma barua hiyo vikakurudishia vyeti vyako, na sasa unapima maharagwe dukani.

Jumanne iliyopita presi ilikwama tena. Muthomi, aliyewekwa mahali pako, mtu mzima mwenye watoto wake, akaja kwenye kimlango akanyoosha mkono. "Mzee, hendeli."

"Mimi ndiye..."

"Sijauliza wewe ni nani. Nimeomba hendeli."

Vibarua wa koleo wakaacha kupiga koleo. Mimi nimeegemea bomba, hendeli iko mkono wa kulia, na nilikuwa naenda kukataa. Nakuambia ukweli, nilikuwa naenda kukataa tena! Muthomi akanusa hewa. "Mzee, ni wewe unaungua."

Nikatazama. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimegandia bomba. Ndicho kilichokuwa kinatoa moshi. Walinivuta, ngozi ikabaki. Na sikusikia chochote, mwanangu, kama vile wanamvuta mtu mwingine. Stori nilikuwa nayo tayari mdomoni, ya babu yangu na kaa la moto, unaijua. Haikutoka. Nikaitumbukiza hendeli kwenye mfuko wa Muthomi, nikapanda ngazi za ofisi hivyo hivyo nikidondosha damu.

Nilimwambia Madamu yote, kuanzia kikombe cha chai. Akauliza, "Kwa nini leo?"

Nikajibu, "Kwa sababu leo nimeonekana." Ningependa kukuandikia jibu zuri kuliko hilo, lakini ndilo nililotoa.

Akaniambia mengine ambayo hayafai kubandikwa getini. Daktari wa Meru amesema mishipa ya fahamu ya mikono imekufa, nisikaribie moto. Sasa nashona magunia, sindano nashika kwa kuangalia. Barua yako ya kwanza imefutwa. Mpya iko ndani ya bahasha hii, ina mhuri. Imesema mvuke ulifunguliwa na mtu mwingine, na jina langu limeandikwa hapo kwa sababu niliomba liandikwe. Madamu anasema nafasi yako iko. Muthomi anasema yeye atahamia boila bila kinyongo. Mimi sisemi urudi, na sikuombi unisamehe kwa sababu tu nimeandika kurasa mbili.

Ninaomba jambo moja. Uisome hii kwa kalamu nyekundu. Kila mahali nilipojipunguzia kosa, au nilipotia chumvi ili nionekane mtu wa maana hata katika aibu, kata, kisha uandike juu yake ilivyokuwa. Uirudishe. Nitaitoa ile ya ubaoni nibandike hiyo yako, na zamu ya asubuhi nitaisoma kwa sauti, nyekundu yote.

Ni mimi, mdogo wa baba yako,
mshona magunia, Ruiri.