Mikono Miwili, Diski Moja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu mama alinifundisha adabu, si kwa sababu umeistahili wiki hii. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na kwamba kile kikohozi chake sasa kinamwachia usingizi. Sisi huku tunaendelea. Mama anakula vizuri na mguu umeanza kumtii, ila mkono wa kulia bado umelala tangu kiharusi. Kwa kiziwi, hiyo ni sawa na kupoteza nusu ya ulimi. Anazungumza kwa wa kushoto peke yake, na mara nyingine hukwama katikati ya neno, akautazama ule mwingine kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa.

Nakuandikia kuhusu DVD ya harusi yako. Nimejaribu kupoa kwanza nikashindwa, kwa hiyo ipokee barua hivi hivi ilivyo ya moto.

Unakumbuka nilivyokueleza kwenye simu. Kanda zako ni za saa tatu na nusu, na diski moja ya kawaida, kwa picha safi, hubeba kama saa mbili. Ukishindilia zaidi, programu inalazimika kuibana picha, na ikibana, cha kwanza kuharibika ni kile kinachokwenda mbio. Aliyekaa kitini atabaki mtu. Mikono ya mama ikianza kusema itageuka ukungu. Ndiyo maana nilichagua programu ile ya polepole, inayoipitia kanda mara mbili: kwanza inatazama tu wapi pana shughuli, kisha ndipo inagawa nafasi, inaunyima ukuta na kuwapa wanaojongea. Nilitaka diski mbili. Nilitaka sauti ndiyo ibanwe, maana masikio husamehe kuliko macho. Ukaitikia sawa, sawa, kama mtu anayefukuza nzi.

Kisha nikampeleka mama kliniki kunyooshwa mkono, na wewe nyuma yangu ukampigia bosi wangu pale studio.

Bosi, ambaye mtaa mzima unamwita Chapchap, hajawahi kumkatalia mteja. Amenisimulia mwenyewe bila haya. Anasema ulimwambia mdogo wako ana mambo ya kisomi, na kwamba hakuna mgeni atakayeinuka kwenye kochi kubadilisha diski. Kila kitu kiingie kwenye moja, kwa programu ya haraka, ile inayompimia mtu na ukuta kwa kijiko kimoja. Na sauti isiguswe hata kidogo, ibaki nzima kama ilivyorekodiwa, kwa ajili ya bendi na hotuba yako. Chapchap akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Sauti, kaka! Sauti isiyobanwa inakula nafasi kama mchwa, na nafasi hiyo ilitolewa kwenye picha. Ulimnyang'anya mama mikono ili spika zingurume vizuri. Mama huyo huyo ambaye hajawahi kusikia hata jina lako.

Diski ilifika nyumbani kabla sijaikagua. Tukaiweka kwenye deki. Bendi ililia safi, hotuba yako ikasikika hadi kwa jirani, shangazi akapiga makofi. Kisha akasimama mama, ndani ya gauni alilolishona mwenyewe, akainua ile mikono miwili mizima ambayo pengine hatutaiona tena, na mikono ikavunjika. Vidole viliyeyuka vikawa miraba ya kijivu. Mama akafuta miwani. Akasogeza kiti mbele, akakisogeza tena, hadi pua yake ikakaribia kioo. Halafu akanigeukia, akaniuliza kama ugonjwa sasa umeanza kula na macho, maana hawezi kujisoma.

Nilimwambia kosa ni la mashine. Hakuniamini. Alikwenda kulala mchana kweupe.

Maisha yako yote umeyaishi kwa maneno mawili: mwambie mama. Mwambie mama nimefaulu. Mwambie mama naoa. Nimekuwa mdomo wenu tangu sijui kufunga kamba za viatu. Wifi, mtu wa kuja juzi, anaweza kumwomba mama chumvi na hata kumtania. Wewe uliyelala tumboni mwake unampungia mkono kama abiria dirishani.

Nimeirudia kazi yote kwa namna yangu. Sherehe yako iko kwenye diski ya kwanza, na usihofu, hotuba yako imo, ingawa kidole changu kilinisihi niifute. Kwenye diski ya pili yumo mama peke yake. Nafasi yote ni yake, na sauti nimeiondoa kabisa.

Ili kuikagua ilinibidi niitazame picha baada ya picha, na hapo nikaona jambo ambalo siku ile sikulitafsiri kwa sababu sikuwapo. Nilikuwa nimeitwa jikoni, kamera ikaendelea. Mama anakugusa bega. Unageuka. Anakuambia kitu kirefu, taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto. Utaliona jina lako la ishara, vidole viwili juu ya nyusi, pale ulipojigonga utotoni kwenye kona ya cherehani. Wewe unatabasamu, unatikisa kichwa kukubali, unamwonyesha dole gumba, unarudi kwa rafiki zako.

Kaka, alikuwa anakuomba jambo. Nilimwuliza mama. Akasema ndiyo, alikuomba, na wewe ulikubali, na tangu siku hiyo anangoja.

Alichokuomba ninakijua. Programu ilipofika mwisho iliniuliza kama nataka maandishi chini ya picha. Nilichagua hapana. Wala usinipigie simu kuniuliza, kwa sababu kazi hiyo nimeiacha. Njoo umwulize mwenyewe, mkono wa kushoto ungali unasema.

Msalimie sana wifi, na umwombe akufundishe hata salamu kabla ya safari. Mama naye anakusalimu, lakini salamu zake siziandiki hapa. Zinakungoja mkononi mwake.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa mkalimani wako.