Kabati Mlangoni

9 Mei

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Kazi ya huku ni kuinua watu. Asubuhi nawaogesha wazee wa watu, nawalisha, nawageuza ubavu, nao wananiita kwa majina ya watoto wao. Naitika tu, ukibisha utachelewa kumaliza vyumba.

Baba, wewe simu huitaki, lakini Shangazi anayo, nimeongea naye. Nilimuuliza cherehani inaendeleaje, akasema, "Imepumzika, mama, nami nampisha mwenzangu alale." Akacheka, akashikwa na kikohozi, nikangoja kipite. Ana uvimbe tumboni. Daktari amemwambia arudi nyumbani, ale chochote anachotamani. Unajua daktari akisema hivyo anamaanisha nini.

Nyumba hiyo Babu aliijenga moja, akawaachia wawili, wewe na yeye. Mlango wa kati bado upo, nyuma ya kabati lako la vitabu. Kama unaona haya majirani wakuone ukibisha mlango wa barabarani, pitia huo, hakuna atakayejua.

Ulipotufundisha kwamba si halali kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa waliogombana ni yule anayeanza kwa salamu, niliyakariri kabla hujafunga kitabu. Ndipo ukaniita Kasuku. Bado ninayo kichwani, Baba. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao,
Kasuku

28 Mei

Kwa mwanangu Kasuku,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imefika, alhamdulillah. Sisi wazima. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Usiinue watu peke yako, tafuta mwenzio mshikane. Mgongo hauna duka.

Sasa hilo la shangazi yako. Ni dada yangu mkubwa, alinibeba mgongoni, silikatai. Lakini siku ya maziko ya bibi yako alipiga ukelele mbele ya watu, nikamwambia atoke chumbani. Kuomboleza kwa makelele kumekatazwa, na mwalimu wa mtaa ni mimi. Ningemwachia yeye, kesho ningemkataza nani? Akaapa hatakanyaga kizingiti changu mpaka nikanyage chake. Nami nikasogeza kabati mlangoni. Aliyekosea ndiye huanza, na mimi nilisema lililo sahihi.

Usidhani sina moyo. Ukuta ni mwembamba, najua cherehani imenyamaza tangu lini. Kila baada ya alfajiri nasoma Yasini kwa sauti, nimeelekea upande wake, imfikie. Darasa la watoto pia nimelihamishia chumba kile, asikie Qur'ani mchana kutwa.

Na hilo kabati unalitaja kama kigoda. Limejaa vitabu vya babu yako na vyangu. Litasogezwa na nani, goti hili?

Baba yako

16 Juni

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo na wanafunzi hawajambo. Mimi ni mzima.

Nilimuuliza Shangazi kama kisomo chako kinamfikia. "Chote," akasema. "Ndugu yangu ana sauti nzuri tangu utotoni. Ila anavuta pumzi mahali pasipo pake, Marehemu Baba alimkanya mpaka akachoka." Akacheka sana. Halafu akasema, "Mwambie ukuta hauna mkono."

Siku ile ya maziko ya Bibi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Shangazi aliita "Mama!" mara moja, kwa sauti, walipomfunika uso. Hakuchana nguo wala kujipiga kifua. Aliita tu, ukamtoa, akapita mbele yangu na viatu mkononi. Na wewe ndiye uliyenisimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alilia mwanawe alipokuwa anakata roho, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Hadithi hiyo ulikuwa unaijua siku ile, Baba. Ilikuwa kabatini.

Hapa kuna mzee ambaye mwanawe humpigia simu ya picha. Ni mwana mwema, hakosi. Simu ikikatika mzee huendelea kukipapasa kioo mpaka nimwondolee.

Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu. Hilo pia umenifundisha wewe. Kama kabati ni zito, toa kitabu kimoja kimoja.

Mwanao,
Kasuku

3 Julai

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Tu wazima, na tunakuombea.

Nilikasirika kwa barua yako, nikaiweka. Kisha nikaisoma tena. Nimeanza kutoa vitabu.

Rafu ya juu imekwisha. Nilipofika ya pili nikakutana na kile cha babu yako chenye mlango wa adabu za kumzuru mgonjwa. Nikakaa sakafuni nisome kidogo. Mwanangu, kuna mambo mengi humo tumeyasahau: usikae sana, usimchoshe kwa maswali, umtie moyo, uweke mkono wako juu yake na umwombee. Nimefungua na vitabu vingine kulinganisha. Dua moja ina mapokezi mawili, maneno yanatofautiana, na nataka kuyahakiki yote. Kisha kuna suala la kiapo chake, kama mlango wa kati unahesabiwa kizingiti, na kama sivyo, kafara yake inakuwaje. Sitaki kuingia kwa dada yangu kama mtu asiye na elimu. Nikienda niende nimekamilika.

Watoto wananicheka, wanasema Mwalimu amehamia sakafuni. Darasa nimelisimamisha kidogo.

Alasiri ya jana shangazi yako aligonga ukuta, pigo moja. Sikujua anataka nini. Nikamgongea nami moja. Hakugonga tena.

Inshallah nikimaliza rafu ya chini nitafungua.

Baba yako

10 Julai

Baba,

Assalaam alaykum. Sina nafasi ya kuuliza hali.

Acha vitabu sakafuni. Barua hii ikikufika, usiikunje, vaa ndala, toka nje, ubishe mlango wa barabarani. Watu wakikuona, waache wakuone. Dua uliyonayo inatosha. Hata kama huna yoyote, mshike mkono.

Simu yake sasa anaipokea mama jirani. Anasema Shangazi anaelekeza macho kwenye mlango wa kati.

Tafadhali, Baba.

Kasuku

29 Julai

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Najua mama jirani alikupigia, kwa hiyo habari unayo. Barua yako ya tarehe kumi ilifika tumeshatoka makaburini. Nakuandikia tu lile ambalo yeye hakuliona.

Alifariki asubuhi. Nilikuwa nasoma. Mama jirani alikuja akasema, "Mwalimu, dada yako ameondoka, na waoshaji wanataka maji. Bomba liko kwako. Tuzunguke na ndoo barabarani, au utatufungulia?"

Rafu mbili za chini zilikuwa bado zimejaa. Niliwaita wanaume wanne waliokuwa wamesimama nje. Nikaanza kuinama nitoe vitabu, mmoja akaniambia, "Pisha, Mwalimu." Walilinyanyua na vitabu vyake wakaliweka pembeni. Hata hawakupumua kwa nguvu.

Nilidhani mlango utakuwa na komeo upande wake. Ni yeye aliyeapa. Nikausukuma kwa bega, nikakaribia kuanguka. Komeo halikuwepo, misumari yake ilikwisha ng'olewa zamani, matundu yamejaa vumbi. Na mlango haukulia. Ule mlango, mwanangu, tangu wakati wa babu yako ulikuwa ukilia kama mbuzi. Nikagusa bawaba, vidole vikaja na mafuta, ya cherehani, bado mabichi.

Mama jirani akasema, "Alikuwa anazipaka kila akipata nguvu ya kushuka kitandani. Nikamuuliza kwa nini, akasema, ndugu yangu ana haya, nataka aingie bila kusikika."

Waoshaji wakapita na ndoo zao. Nilisimama kando kuwapisha.

Walipokwisha kumkafini waliniita nimuage kabla hawajafunika uso. Chumba kilijaa wanawake, wengine nimewasomesha. Nilikuwa nimeshika karatasi ya zile dua, zimehakikiwa zote, na zote ni za mtu aliye hai. Nikaiweka mfukoni. Nikaweka mkono juu ya paji lake. Nikaita, "Dada." Niliita kwa sauti, mwanangu. Sauti ilitoka yenyewe, hata waliokuwa barabarani waliisikia.

Nikangoja. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Baba yako