Miguu ya mafundi hufuata muziki

Kaka, natoka na mkoba wangu. Nimeacha kazi ya kupiga pasi pale kwa washonaji!

Mama mwenye duka kanizimia redio. "Mzee, nyimbo zako za polepole zinawatia mafundi usingizi." Usingizi! Nyimbo zinazonituliza roho mwaka mzima!

Akaweka ngoma za kasi. Cherehani za miguu zile, mguu hufuata muziki. Wakashona mbio! Sare arubaini za shule, mikono ya kulia imeshonwa kushoto. Arubaini, kaka!

Akanigeukia mimi. "Umewazoesha uvivu, Mzee. Ukitaka kazi, usiwashe tena hiyo redio."

Nikachomoa waya wa pasi, nikachukua mkoba.

Sasa mafundi wanafumua. Mama anapiga pasi mwenyewe. Mimi niko stendi, na mvi hizi, natafuta kazi tena.